Hisa 400 na Ukuta Unaotazama Maji

Kosa la kwanza hufanyika mapema, mnunuzi akiwa bado hajatoa hata senti: anaamini ananunua nyumba. Katika majengo ya ushirika ya New York hakuna hati ya nyumba inayoandikwa kwa jina lako. Kuna kampuni, na kampuni ndiyo mwenye jengo zima, kuanzia boila la chini hadi tangi la maji la mbao lililo juu ya paa. Wewe unanunua hisa za kampuni hiyo, na hisa zinakupa mkataba wa kukaa kwenye fleti fulani. Kisheria wewe ni mwanahisa na mpangaji kwa wakati mmoja. Aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa au korosho ataelewa haraka kuliko aliyezoea kununua viwanja. Deni la chama ni deni lako, mwanachama asiyelipa anakuumiza, na kamati ndiyo inayoamua nani anaingia.

Mtaa wenyewe ni Brooklyn Heights, uliokaa juu ya genge linalotazama East River na ncha ya kusini ya Manhattan. Mwaka 1965 ulikuwa mtaa wa kwanza jijini kutangazwa eneo la kihistoria. Kimbunga Sandy kilipopiga Oktoba 2012, maji yaliingia DUMBO na Red Hook, mitaa ya bondeni, lakini juu ya genge hayakufika. Kwa hiyo mafuriko si hofu kubwa hapa. Hofu ni mvua inayopigwa na upepo, na kuta zilizosimama karibu miaka 100.

Majengo ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yana mvuto wake: dari za juu, kuta nene za plasta, ukumbi mdogo wa kuingilia, sakafu ya mbao zilizopangwa kama mifupa ya samaki. Mtu akiingia na kuona jua la saa kumi na moja jioni likipita dirishani, na maji yanametameta chini, moyo unahama papo hapo. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Hapa hata sebule si nyumba. Nyumba ni jengo zima, na jengo lina hesabu zake, madeni yake na magonjwa yake.

Rudi kuitazama fleti mara ya pili, na ikiwezekana iwe siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Anza na ukuta unaotazama maji. Kuta za zamani ni tofali tupu hadi ndani, hazina uwazi wa hewa katikati kama kuta za kisasa, hivyo tofali likilowa sana unyevu hufika kwenye plasta. Tafuta vumbi jeupe kama chumvi, rangi iliyovimba, na kipande cha ukuta kilichopakwa rangi mpya peke yake huku vingine vikiwa vimechakaa. Angalia hasa pembe za juu za madirisha. Juu ya kila dirisha kuna mhimili wa chuma uliofichwa ndani ya tofali. Chuma kikipata kutu huvimba, na kikivimba hupasua tofali na kufungua njia ya maji. Fleti za ghorofa ya juu zina tatizo jingine, ukuta mfupi unaozunguka paa, ambao hupigwa na mvua pande zote mbili. Kipimo cha unyevu cha mkononi kinauzwa kwa bei ya mlo wa mgahawani, nenda nacho.

Ukiona dalili, usikimbie mara moja. Uliza jengo lilirekebishwaje. Tofali za zamani ni laini na zilijengwa kwa chokaa. Fundi akijaza mianya kwa saruji ngumu ya kisasa, maji yanakwama ndani, baridi ikija yanaganda na kumega uso wa tofali. Watu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua jambo hili kwa namna yao, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa uliopigwa plasta ya saruji huanza kuoza kutoka ndani. Ukarabati wa hovyo wa miaka 15 iliyopita ni bili yako ya mwaka ujao.

Fungua madirisha na usikilize. Chini ya Promenade, ile njia ya kutembea iliyofunguliwa mwaka 1950, inapita barabara kuu ya BQE kwa ngazi mbili, imening'inia kwenye genge. Zege yake imechoka, na mwaka 2021 jiji lilipunguza njia za magari kutoka 3 hadi 2 kila upande ili kupunguza uzito. Mwaka 2018 serikali ya jiji ilipendekeza kuweka barabara ya muda mahali pa Promenade wakati wa ujenzi, wakazi wakapinga vikali. Ukarabati mkubwa utakuja siku moja. Fleti inayouzwa kwa sababu ya mandhari hayo inabeba hatari ya miaka ya vumbi na kelele, na bei inapaswa kulijua hilo.

Sasa kisanduku cha umeme. Fleti nyingi za umri huu bado zina ampea 60 au pungufu, na nyaya zilizofungwa kwa kitambaa. Viyoyozi viwili na jiko la umeme haviwezi kuwaka pamoja. Kuongeza umeme si jambo la fundi wako peke yake, maana laini inapanda kutoka chini ya jengo, na kama jengo halina nafasi ya ziada jibu ni hapana. Gesi nayo iulizie. Sheria ya jiji inataka mabomba ya gesi ya majengo kama haya yakaguliwe kila miaka 4. Uvujaji ukigunduliwa, kampuni ya gesi hufunga laini nzima, na kuirudisha huchukua miezi. Watu wamepika kwa jiko la kuchomeka ukutani msimu mzima huku wakiendelea kulipa jengo ada ileile ya kila mwezi.

Ofa yako ikikubaliwa, jizuie kushangilia. New York ofa iliyokubaliwa kwa mdomo au kwa barua pepe haimfungi mtu, na mwenye fleti anaweza kuchukua ofa kubwa zaidi hadi siku mkataba uliosainiwa na pande zote unapofika. Wiki hiyo moja au mbili ni ya kuumiza roho. Ndiyo pia wiki muhimu kuliko zote, kwa sababu wakili wako anaitumia kulichunguza jengo. Chukua wakili anayefanya mikataba ya ushirika ya jiji hili kila siku, wala si binamu aliyesomea sheria ya uhamiaji. Gharama kwa kawaida ni dola 2,500 hadi 4,000.

Wakili atasoma hesabu zilizokaguliwa za miaka 2 au 3 na mihutasari ya vikao vya bodi, yaani kamati inayoliendesha jengo. Mwombe akuandikie alichokiona, na usikubali kuambiwa "mambo ni mazuri". Mihutasari ina ukweli ambao dalali hana: uvujaji unaorudiarudia kwenye mstari mmoja wa fleti, kunguni, kesi mahakamani, lifti inayokwama, jirani anayelalamikiwa kwa kelele.

Katika hesabu, tafuta mkopo wa jengo. Karibu kila ushirika una mkopo wake mkubwa, na mingi hulipwa riba tu au riba na kiasi kidogo cha deni, kisha baada ya miaka 10 hivi deni lote linaiva na kukopwa upya. Chukua mfano huu. Jengo lina hisa 20,000, fleti yako ina hisa 400, yaani asilimia 2. Mkopo ni dola 3,000,000 kwa riba ya asilimia 3.5, riba ya mwaka ni 105,000. Ukiiva na kukopwa tena kwa asilimia 6.5, riba inakuwa 195,000. Nyongeza ni 90,000, na fungu lako ni 1,800 kwa mwaka, sawa na dola 150 juu ya ada yako ya kila mwezi. Haiandikwi kwenye tangazo la fleti. Tarehe ya kuiva imo ndani ya hesabu, kwenye maelezo ya mwishoni ambayo wanunuzi hawasomi.

Halafu uso wa jengo. Majengo yanayozidi ghorofa 6 hukaguliwa kuta za nje kila miaka 5, sheria iliyoanza baada ya mwanafunzi wa Chuo cha Barnard kuuawa na kipande cha jengo mwaka 1979. Mkaguzi huliweka jengo katika moja ya makundi matatu: salama, salama lakini linahitaji matengenezo kwa muda uliowekwa, au si salama. Kundi la katikati ndilo la kuulizia, kwa sababu ni bili iliyoandikwa tarehe. Jukwaa la mbao na chuma lililofunika njia ya miguu mbele ya jengo linakueleza mengi, likiwa limeota kutu linakueleza zaidi. Kazi ya dola 1,200,000, kwa hisa zetu 400, ni dola 24,000 kwako, na bodi inaweza kuitoza kwa awamu juu ya ada ya mwezi. Ikiwa tozo imeshapitishwa, jadili kwenye mkataba nani anailipa. Ikiwa bado inazungumzwa tu, teremsha bei.

Kuna sheria ya mwaka 2019 pia, Local Law 97, inayopima hewa chafu ya majengo yanayozidi futi za mraba 25,000. Viwango vilianza 2024 na vinakaza 2030. Faini ni dola 268 kwa kila tani inayozidi. Jengo linalochoma mafuta kwenye boila kuukuu linapaswa kuwa na mpango. Uliza uko wapi. Uliza pia kama ardhi ni ya ushirika wenyewe. Yapo majengo yaliyojengwa kwenye ardhi ya kukodi, na siku kodi ya ardhi inapopangwa upya ada hupanda kwa namna isiyolipika.

Mkataba ukiwa tayari unatoa asilimia 10, inakaa kwenye akaunti ya amana ya wakili wa muuzaji. Bodi ikikukataa bila kosa lako, fedha inarudi. Benki ikikunyima mkopo, inarudi pale tu mkataba una kifungu cha mkopo. Wanunuzi wenye haraka huondoa kifungu hicho ili kumfurahisha muuzaji. Kwa fleti ya dola 850,000, wanaweka dola 85,000 mezani wakiomba Mungu. Usifanye hivyo kama huwezi kununua taslimu.

Hesabu kamili ya fleti hiyo inashtua. Kianzio cha asilimia 20 ni 170,000. Majengo mengine hutaka 25, machache hata 50. Mkopo wa 680,000 kwa riba ya asilimia 6.5 miaka 30 ni kama dola 4,298 kwa mwezi. Weka ada ya jengo 1,500, jumla ni 5,798. Bodi nyingi hutaka gharama hiyo isizidi asilimia 25 hadi 30 ya mapato. Kwa asilimia 28, mnahitaji karibu dola 248,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kisha inakuja sharti linalowaangusha waliofaulu benki: akiba itakayobaki baada ya kununua. Bodi kali hutaka miaka 2 ya gharama hizo, hapa zaidi ya dola 139,000, iwe fedha inayogusika. Akiba ya kustaafu huhesabiwa nusu au haihesabiwi kabisa. Kiwanja cha Kigamboni au nyumba ya Kisauni vinaandikwa kwenye fomu, lakini bodi haivihesabu.

Weka dola 10,000 hivi za wakili, benki na ada za msimamizi wa jengo. Nafuu ipo moja: kwa kuwa si ardhi, hakuna kodi ya kusajili mkopo, ambayo kwenye kondo, yaani fleti unayoimiliki kwa hati yako mwenyewe, kwa mkopo huohuo ingekuwa karibu 13,000. Na bei ikifika 1,000,000 kamili, kuna kodi ya ziada ya asilimia 1 juu ya bei yote, inayolipwa na mnunuzi. Fleti ya 999,000 haina. Kupandisha ofa kwa dola 1,000 ili kumridhisha muuzaji kunaweza kukugharimu 11,000.

Kifurushi cha bodi ndicho kinachodhalilisha. Unatoa ripoti za kodi za miaka 2, hati za mishahara, taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua za wadhamini wa tabia, na orodha ya kila unachomiliki na kila unachodaiwa. Wasomaji ni majirani wa kesho, mtakaopanda nao lifti. Waafrika Mashariki wanakwama hapa kwenye mambo mawili. Fedha ya upatu au chama ikiingia kwa mkupuo, tuseme dola 15,000, benki inaiona kama amana isiyoelezeka na kudai maelezo. Ipokee miezi mitatu kabla ya kuomba mkopo, uwe na maandishi ya mzunguko wenu. Msaada wa ndugu uwe na barua ya kusema ni zawadi, si deni. Na usiigawe fedha taslimu vipande vipande ili kukwepa taarifa ambayo benki huitoa serikalini fedha taslimu ikizidi dola 10,000. Kugawa kwa nia hiyo ni kosa la jinai hata kama fedha ni halali. La pili ni akaunti za nyumbani. Zikizidi jumla ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, zinatakiwa kuripotiwa kwa Wizara ya Fedha ya Marekani. Ukiandika kwenye fomu ya bodi akaunti ya Nairobi au Dar es Salaam ambayo hukuwahi kuiripoti, unajiandikia ushahidi. Muone mtaalamu wa kodi kwanza.

Panga kurasa kwa mpangilio ulioombwa, na namba za fomu zilingane na taarifa za benki hadi senti. Kifurushi chenye jumla isiyolingana hurudishwa na msimamizi, na wiki tatu zimekwenda, huku muda wa riba uliyoahidiwa na benki ukiisha. Tangu mkataba hadi funguo, hesabu miezi 2 hadi 4.

Kuitwa kwenye mahojiano ni dalili njema, ingawa si ahadi. Ni dakika 20 au 30, siku hizi mara nyingi kwa video. Jibu kilichoulizwa, kwa ufupi. Usiulize kama unaweza kuvunja ukuta, kupangisha, au kufuga mbwa mkubwa. Majibu yake yamo kwenye kanuni, na wakili wako alipaswa kuyapata mapema. Wanandoa wasibishane mbele ya bodi kuhusu nani anafanya kazi nyumbani. Bodi inaweza kukataa bila kutoa sababu, lakini sheria inakataza kukataa kwa rangi, dini, asili au hadhi ya uhamiaji, na maswali ya "mnatoka wapi hasa" yaandikwe tarehe na saa. Kukataliwa kunauma kama posa iliyorudishwa. Mara nyingi chanzo ni hesabu, na wakati mwingine ni bei waliyoiona ya chini mno kwa jengo lao, jambo lisilokuhusu kabisa.

Siku ya kufunga, hati ya hisa inakwenda benki, wewe unaondoka na funguo. Chukua bima yako mwenyewe. Bima ya jengo haigusi makabati yako, sakafu uliyoweka wala vitu vyako.

Ukitaka kukarabati, mkataba wa ukarabati wa jengo unakuja na amana, bima ya fundi, mhandisi wa jengo unayemlipia wewe, na saa za kazi, kwa kawaida asubuhi hadi saa kumi jioni siku za wiki. Kabla ya kuvunja chochote, mpimaji aliyeidhinishwa athibitishe kama kuna asbesto. Rangi iliyopakwa kabla ya 1960 ichukulie kuwa ina madini ya risasi, hasa kwenye njia za madirisha yanayosuguana, na watoto wadogo wasiachwe karibu. Madirisha ya nje hayabadilishwi bila kibali cha tume ya urithi ya jiji. Bafu haliruhusiwi kusogea juu ya chumba cha kulala cha jirani wa chini. Sakafu, majengo mengi hutaka asilimia 80 ifunikwe zulia, na jirani wa chini atakukumbusha kabla ya msimamizi.

Baridi ya kwanza itakuja na kishindo usiku, kama mtu anagonga bomba kwa nyundo. Mvuke wa kupasha fleti joto unapanda na maji yanashuka kwenye bomba moja. Rejeta, kile chuma cha kupasha joto chumbani, ikiwa imelala vibaya, maji yanatuama na mvuke unayapiga. Weka pimamaji juu yake. Inatakiwa iinamie kidogo upande wa vali. Vibao viwili vyembamba chini ya miguu ya upande mwingine vinatosha mara nyingi. Vali yenyewe iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa; nusunusu ndiyo inayoleta makelele na kumwaga maji sakafuni. Kati ya Oktoba 1 na Mei 31, mchana nje ikiwa chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, ndani lazima ifike 68, na usiku 62. Fleti nyingi hufika 78, na ndiyo maana utaona madirisha wazi mwezi Januari.

Ule ukuta unaotazama maji, ukilowa, ripoti kwa maandishi na picha yenye tarehe, kwa sababu nje ya ukuta ni mali ya kampuni na ndani ya plasta huwa ni suala la kanuni. Usimwite fundi wa rangi kabla jengo halijaziba nje na mvua moja kubwa haijapita. Plasta nene huchukua wiki nyingi kukauka. Ukiipaka rangi mapema itaota malengelenge, na fundi atakutoza mara ya pili bila hata kuona haya.